Naomba ushauri: Node.js na kazi nzito ya kutengeneza PDF

Wakuu, habari zenu. Nina seva ya Node.js (programu ya kuendesha JavaScript kwenye seva) inayotoa risiti za PDF. Kila ombi likija inasoma kiolezo kwa readFileSync, ambayo husimamisha kazi nyingine hadi faili lisomwe lote, na kwa kuwa JavaScript yangu yote inaendeshwa kwenye uzi mmoja (thread, yaani mfululizo mmoja wa kazi), wateja wengine wote wanabaki kusubiri. Hilo nitalimaliza kwa kusoma kiolezo mara moja tu seva inapowaka.

Kinachoniumiza kichwa ni kutengeneza PDF yenyewe. Ni kazi ya prosesa, hivyo hata nikiiweka ndani ya funksheni ya async (ya kazi zisizosubiriana) bado inashika uzi uleule. Nitumie worker_threads (nyuzi za ziada ndani ya programu ileile), au niitenge iwe huduma ya pembeni yenye foleni yake? Seva ina kori mbili tu, na nahofia memori. Aliyewahi kubeba mzigo wa aina hii anisaidie tafadhali.