Domo la bata na kompyuta: je, tulipe kiingilio cha bendi?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Siku hizi hapa Dar klabu na hoteli kadhaa zina usiku wa jazz. Tangazo linasema muziki wa laivu, kuna picha ya jamaa kashika saksafoni, lile domo la bata, chini yake jina la mwimbaji mwalikwa. Unalipa, unaingia, unakuta watu wawili na kompyuta. Drams, besi na kinanda vyote vinatoka kwenye faili.

Hoja yangu: hiyo si bendi, isitozwe kiingilio cha bendi. Sisemi jamaa hajui, wengine wanapuliza mpaka unasahau kinywaji. Shida ni kwamba faili halisikilizi. Mpulizaji akikolea akataka mizunguko miwili zaidi, mpiga drams angemfuata. Kompyuta inarudi kwenye kiitikio sekunde ileile iliyopangwa. Mwimbaji akichelewa kuingia, anaanza kuukimbiza wimbo. Jazz bila kujibizana inabaki nini? Tangazo liseme wazi: saksafoni na pleibeki, yaani muziki uliorekodiwa. Atakayekuja aje anajua.

Mwenye ukumbi, Sinza: Mkuu, ungeshika wewe daftari la mahesabu usingeandika hivyo. Bendi ya watu kumi na mbili ina posho, chakula, fundi mitambo na gari la vyombo. Jumatano wateja hawajazi hata nusu ya ukumbi, na wengi wao wanapiga soga, jukwaani hawatazami. Chaguo langu ni huyo mpulizaji mmoja na kompyuta yake, au DJ. Halafu kuna majirani. NEMC, wale wa baraza la mazingira, wakija na kipimo cha kelele, hizo drams ndizo zitakazonifungisha.

Mpiga besi mstaafu: Mwenye ukumbi ana hoja, ila tukumbuke tulikotoka. Zile bendi kubwa hazikuishi kwa kiingilio cha mlangoni peke yake. NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya TTTS, kampuni ya usafiri na teksi, na 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, mwanamuziki alikuwa na mshahara. Ndiyo maana safu nzima ya wapulizaji iliwezekana, tarumbeta na midomo ya bata wamesimama mstari mmoja. Mashirika yalipojitoa, anayepata kazi kirahisi ni mwenye ala yake mkononi. Saksafoni unapanda nayo daladala. Drams hupandi nazo. Kwa hiyo huyo kijana msimbebeshe lawama. Faili lenyewe silitetei, limekaa kwenye nafasi yangu.

Mdau wa Ilala: Shikamoo mzee, umemaliza. Mimi naulizia mwimbaji mwalikwa, maana naona kasahaulika. Jina lake ndilo linalojaza meza, mashabiki ni wake, lakini mara nyingi anaambiwa "tutakutangaza" na nauli ya kurudi. Mnabishana kuhusu kompyuta wakati binadamu aliyepo jukwaani halipwi!

Na kwa nini iwe kumi na mbili au kompyuta tu? Saksafoni, kinanda, gitaa na huyo mwimbaji: hakuna drams, hakuna faili, gari dogo moja linawabeba wote, na majirani wanalala. Nahisi wenye kumbi wanalipenda faili kwa sababu halidai chakula.

Mleta mada: Hiyo ya watu wanne nalipia hata kesho. Mwenye ukumbi, unasemaje? Na huyo mwalikwa apewe fungu lake la mlangoni, lijulikane kabla hajapanda jukwaani.

Mwenye ukumbi, Sinza: Fungu la mlangoni sikatai, ila wote wanne wagawane hilohilo, mimi nibaki na kaunta. Na mniletee mpiga kinanda mwenye kinanda chake. Kila ninayempigia anaulizia cha ukumbi.