Tupeane uzoefu: waya wa intaneti unaokatakata nyumbani

UstadhMalindi
Assalaam alaykum wanajamvi. Nafundisha watoto Kur-ani kwa kompyuta, saa mbili usiku kwa saa za kwetu. Wengi wako Uingereza, wazee wao ni watu wa hapa hapa Unguja. Jana mtoto wa miaka minane alikuwa ananisomea Suratul Mulk, kafika katikati ya aya, sauti ikakatika. Ilivyorudi, baada ya dakika tatu, nikamkuta analia. Alidhani kakosea na mimi nimemkatia kwa hasira. Usiku kucha sikulala.

Situmii wifi, natumia waya. Rauta iko juu kwa dada yangu, waya unashuka ukutani upande wa dirisha la baharini, unaingia kwenye kisanduku cha ukutani chumbani kwangu, na hapo natoa waya mfupi hadi kwenye kompyuta ya mezani. Mwaka mzima haukunisumbua. Tangu masika yaanze unakatika mara tano, sita kila usiku, lakini mchana uko mzima kabisa. Rauta nimeizima na kuiwasha mpaka nimechoka. Yaliyokupateni nyie ni yepi, na mlifanyaje?

BintiWete
Pole Ustadh. Kwetu Wete ni hivyo hivyo, nlidhani ni mie peke yangu.

KijanaDarajani
Achana na waya, weka wifi. Waya mambo ya zamani.

FundiFuoni
Wewe Darajani usimpoteze Ustadh. Nyumba za Mji Mkongwe kuta zake ni mawe na chokaa, nyingine unene wake unafika nusu mita. Wifi ikivuka ukuta wa kwanza imeshachoka, wa pili haivuki. Watu wametia waya mle kwa sababu.

Ustadh, usinunue kitu bado. Leo usiku kabla ya darasa fungua lile dirisha jeusi la amri, andika ping -t 192.168.1.1, au namba yoyote iliyoandikwa chini ya rauta yako, kompyuta itakuwa inaiita rauta bila kukoma na kukuonyesha kama inajibu. Fungua dirisha la pili, andika ping -t 8.8.8.8, hiyo ni ya Google, iko nje kwenye intaneti. Yaache yote mawili yaende. Ukikatika, tazama. Rauta ikijibu na ile ya pili isijibu, maradhi yako nje ya nyumba, wapigie waliokuuzia huduma. Rauta yenyewe isipojibu, maradhi yako baina yako na dada yako, na hata ukipiga simu mpaka alfajiri hakuna atakayekuondoshea.

MzeeMichenzani
Fundi kasema kweli, na mimi nimelipia kutojua hilo. Mei 2024, ile Jumapili kebo za chini ya bahari zilipokatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ilizorota Tanzania nzima. Mimi nikadhani ni waya wangu. Nimepanda darini na umri huu, nimeng'oa waya wote wa mita 30, nimemwita kijana akaweka mpya. Jioni mjukuu ananiambia, babu, mbona hata simu za watu hazishiki? Waya wa zamani ulikuwa mzima, na nilikuwa nimeshaukatakata.

Jambo jingine ni umeme. Nilikuwa na chumba cha kompyuta za kukodisha wakati ule tulipokaa gizani miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Tuliishi kwa jenereta. Jenereta ikipanda na kushuka, tundu za waya kwenye kompyuta zikafa moja baada ya moja, kompyuta yenyewe inawaka vizuri tu. Ustadh, jaribu tundu nyingine ya rauta kabla hujalaumu waya. Kazi ya dakika moja.

UmmuKhalid_Chake
Huyo mtoto aliyekatiwa aya kanirejesha siku ya harusi ya mdogo wangu. Naandika mikono inatetemeka.

Baba yetu yuko Maskati miaka mingi. Mguu ulikuwa unamsumbua, daktari akamzuia kusafiri. Wali, yaani mwenye haki ya kumuozesha, ni yeye. Ikakubaliwa atampa uwakala ami yetu aliyeko hapa Chake, ami ndiye aozeshe, lakini baba akaomba watu wamsikie kwa masikio yao akitoa uwakala ule, isije kusemwa mtoto wake kaozeshwa kama hana baba. Kaka akaleta kompyuta, spika kubwa ikakodiwa, waya ukavutwa kutoka chumba cha mbele ukapitishwa chini ya mikeka.

Watu wamejaa. Bwana harusi na joho lake, sheikh, mashahidi, halua imeshakatwa, kahawa inazungushwa. Baba akatokea, kavaa kofia yake ya kazi ya mkono aliyoshonewa na mama marehemu. Akaanza, "Ndugu yangu, nimekuwakilisha umuozeshe binti yangu..." kimya. Picha imeganda, mdomo uko wazi. Wanawake ndani wakadhani kimekwisha, vigelegele vikapigwa nyumba nzima. Sheikh anainua mkono, ngojeni, ngojeni. Ami kakaa hajui aseme nini. Kaka anachomoa, anachomeka, jasho linamtiririka. Inarudi, baba anasema "mnanisi..." inakatika tena. Dakika ishirini! Bwana harusi kainama chini, mdogo wangu ndani keshaanza kulia na wanja unamshuka. Bibi mmoja akasema kwa sauti kuwa hii ni ishara, ndoa hii isubiri. Neno lile mpaka leo linanichoma.

Aliyeona ni mtoto wa jirani, miaka kumi. Alikuwa kachutama nyuma ya kompyuta, akasema, "Mtu akipita na sinia taa inazima, akisimama inawaka." Kile kibanio kidogo cha plastiki kwenye kichwa cha waya kilikuwa kimevunjika zamani, kaka anajua, akapuuza. Kila mtu akikanyaga mkeka waya unavutika, kichwa kinatoka kidogo. Tukamkalisha yule mtoto pale pale akakishika kwa vidole viwili, watu wote wakaambiwa wakae, asitembee mtu. Baba akasema maneno yake mwanzo mpaka mwisho. Akalia, na sisi tukalia.

Kichwa kile ni kitu cha mia chache. Vikaguweni jamani.

BintiWete
Subhanallah. Mwili wote umenisisimka.

Mwanakwerekwe77
Samahani dada, niulize. Ule uwakala ulitimia? Maana ndoa ya kwenye kompyuta wanavyuoni wengi wameikataa, mashahidi wanatakiwa wawepo pamoja.

UmmuKhalid_Chake
Soma nilichoandika. Baba hakuozesha kwenye kompyuta. Katoa uwakala. Aliyeozesha ni ami, kakaa goti kwa goti na bwana harusi, mashahidi wako pale pale.

Mwanakwerekwe77
Na alipokatika mara ya kwanza, vigelegele vikapigwa, ikahesabiwa nini?

KijanaDarajani
Vigelegele vinaingiaje kwenye nguzo za ndoa?

UmmuKhalid_Chake
Haikuhesabiwa kitu. Ndiyo maana sheikh aliinua mkono. Mdogo wangu ana watoto wawili sasa, tafadhali liachwe hilo.

UstadhMalindi
Mwanakwerekwe, kwa heshima. Uwakala mtu anautoa hata kwa barua, na sheikh aliyekuwepo alihakikisha umekamilika kabla ya kuendelea. Ndoa ya watu tusiitilie shaka mbele za watu. Dada, Mungu amzidishie afya mzee wetu.

Nimefanya alichosema Fundi. Usiku umekatika mara nne, na mara zote nne rauta ndiyo haikujibu. Basi ni baina yangu na dada. Kibanio ni kizima, nimeangalia pande zote mbili. Mara moja kompyuta iliandika ina anwani inayoanza na 169.254.

FundiFuoni
Hiyo 169.254 ni kompyuta kujipa anwani yenyewe baada ya kuiomba rauta na kukosa jibu. Inathibitisha ulichokiona. Sasa nenda kwenye hali ya muunganisho, tazama kasi. Waya una nyuzi 8, jozi 4. Kasi ya 1000 (megabiti kwa sekunde) inataka jozi zote nne, 100 inatosheka na mbili. Ukikuta 100 na vifaa vyote viwili vinaweza 1000, jozi mojawapo ina kasoro.

PakaWaKiponda
Panya, Ustadh! Kwetu panya alikula waya ndani ya dari, kabakisha nyuzi mbili. Fuga paka. Nasema kweli, tangu nimfuge miaka mitatu sijabadilisha waya.

NgalawaMakunduchi
Mie nilivuta kutoka nyumba ya mama hadi ya kaka, kiasi cha mita 160. Inashika asubuhi, inaachia jioni. Mpaka nikaambiwa waya wa shaba mwisho wake ni mita 100. Nikatia swichi ya mtandao, kile kisanduku cha kuunganishia waya, katikati, chini ya kibaraza cha jirani, imetulia.

SteshaniBububu
Ustadh aangalie waya wenyewe. Dukani zinauzwa za alumini zilizopakwa shaba, bei nusu. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe, ndani ukiona weupe, ndiyo hiyo. Ukiikunja mara mbili inakatika. Mwishoni kata vichwa vyote viwili ubane vipya, rangi weka unavyotaka, mradi pande zote zifanane.

FundiFuoni
Hapo mwisho sikubali. Rangi si mapambo. Kila jozi imesokotwa ili nyuzi zake mbili zilindane. Nyuzi za nafasi namba 3 na 6 kwenye kichwa lazima ziwe za jozi moja, na mpango kuanzia namba 1 ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ukizipanga jozi kwa jozi kama zilivyo, kipimo cha taa nane kitawaka chote, na kazi ikizidi mtandao unaanguka.

SteshaniBububu
Nimebana hivyo kwangu miaka minne na unakwenda.

FundiFuoni
Mita ngapi?

SteshaniBububu
Tatu.

FundiFuoni
Mita tatu inavumilia. Ustadh anashusha ghorofa nzima. Nimeitwa nyumba nyingi kurekebisha kazi za namna hiyo, na wenye nyumba wameshalipa mara mbili. Inauma.

SteshaniBububu
Basi umenijibu kwa ubaya, lakini nimeelewa.

BiShariffaMbweni
Yangu ilikuwa ndani ya kompyuta. Nikikaa kimya kidogo kadi ya mtandao inazimwa kuokoa umeme. Mwanangu alifungua orodha ya vifaa, akaingia kwenye kadi ile, sehemu ya umeme, akaondoa alama ya kuruhusu kompyuta kuizima. Kwisha.

MzeeMichenzani
Ya Bi Shariffa ingekatika hata mchana. Ya Ustadh ni usiku, na ni masika, na kisanduku kiko upande wa bahari. Chumvi inavuta unyevu. Ustadh, kifungue hicho kisanduku.

UstadhMalindi
Wallahi mzee wangu umelenga. Kasi nilikuta 100, na rauta na kompyuta zote ni za 1000. Leo baada ya Ijumaa nimefungua kisanduku, na kwanza rauta nikaizima. Ndani shaba imekuwa kijani, unga unga kama ule wa kwenye birika kuukuu la shaba. Uzi wa kahawia nimeugusa tu ukabaki mkononi. Nyeupe-kijani nao umeliwa nusu, na huo ndio wa namba 3, hata 100 isingesimama. Upepo wa usiku unaingia dirishani moja kwa moja hapo, mwaka mzima nimeweka kiti changu pembeni yake nisijue.

Sikukirudisha kisanduku. Kijana wa jirani ana koleo la kubania, amekata kipande kilichooza kama shibiri moja, kabana kichwa kipya kwa rangi alizoandika Fundi, waya umeingia kompyuta moja kwa moja bila kupita ukutani. Kasi imeandika 1000. Tundu la ukuta tumeliziba.

Darasa la leo limekwisha saa tatu na robo. Ping ya rauta haikukosa hata jibu moja. Yule mtoto nilimwomba radhi kwanza, mbele ya mama yake, nikamweleza kuwa uliokatika ni waya, hakukosea harufi. Kaanza sura upya, kaimaliza aya zote 30.

UmmuKhalid_Chake
Alhamdulillah. Nimefurahi kama wangu.

BintiWete
Mie kisanduku changu kimepakwa rangi juu pamoja na ukuta, hata skrubu hazionekani. Nakifunguaje?

FundiFuoni
Kwaruza taratibu kwa ncha ya kisu katikati ya upande wa kushoto na wa kulia, skrubu zipo hapo. Rauta iwe imezimwa. Ukiona kijani usifute, kata.