Quest 3S, Quest 3, au kusubiri hedseti za uhalisia mseto zishuke bei?

Dola_Mia5
Wakuu, bajeti haizidi dola 500. Matumizi ni sinema, mazoezi na kuvuta skrini ya kompyuta ndani ya hedseti, yaani kifaa cha kuvaa machoni kinachochanganya picha za kompyuta na mazingira halisi. Nichukue Quest 3S ya Meta (ilitoka kwa 299), Quest 3 (ilitoka kwa 499), au nivute subira miaka 2? Vision Pro ya Apple iliyotoka kwa 3,499 na Galaxy XR ya Samsung iliyotoka kwa 1,799 ziko nje ya mfuko.

FundiLenzi
Mkuu, 3S ina chipu ile ile ya Quest 3, Snapdragon XR2 Gen 2, na RAM ile ile, GB 8. Walikobana ni machoni: lenzi za Fresnel (za mtindo wa zamani, zenye mistari ya duara) na kioo cha nukta 1832 × 1920 kwa jicho, kama Quest 2 ya mwaka 2020. Quest 3 ina lenzi za pankeki (nyembamba, safi hadi pembeni) na nukta 2064 × 2208. Kwenye mazoezi tofauti haikusumbui. Kwenye maandishi utaiona mara moja: kwenye 3S ya katikati yanasomeka, ya pembeni yanafifia, kwa hiyo unageuza shingo badala ya macho. Maandishi meupe juu ya giza yanatoa miale.

Halafu pima umbali kati ya mboni zako mbili, maana lenzi lazima zikae sawa na macho. Quest 3 ina gurudumu la kusogeza lenzi, mm 58 hadi 71. 3S ina hatua 3 tu: 58, 63, 68. Mwenye 71 atabaki na 68 na macho yatachoka. Daktari wa miwani anakupimia dakika moja.

Bei_Halisi
Kusubiri nako kuna hatari yake. Agosti 2022 Quest 2 ilipanda kutoka 299 hadi 399, karibu miaka 2 tangu itoke. Reality Labs, kitengo cha Meta kinachozitengeneza, kilipata hasara ya dola bilioni 17.7 mwaka 2024. Bei hizi zinabebwa na mfuko wa kampuni. Siku wakichoka kubeba, mzigo unakuja kwetu. Vioo vidogo vya Vision Pro, maikro-OLED, huchongwa juu ya silikoni kama chipu, vipande vyenye kasoro vinatupwa, kwa hiyo sitegemei vishuke bei kesho. Ninachotegemea kushuka hadi hedseti za daraja la dola 300 ni lenzi za pankeki.

Wa_Forodhani
Mkiagiza nje msisahau VAT, kodi ya ongezeko la thamani: Kenya 16%, Tanzania 18%, na inapigwa juu ya bei pamoja na usafiri na ushuru. 3S ukiipata kwa 299 na ukiongeza usafiri wa 40, tuseme, ni 339. VAT peke yake ni angalau 54 Kenya, 61 Tanzania, ushuru na tozo nyingine bado.

Dola_Mia5
Basi Quest 3 iliyotumika je?

FundiLenzi
Inafaa, ila ikague. Fungua ukurasa mweupe mtupu, tazama kwa jicho moja moja. Doa au mstari usiohama ukigeuza kichwa ni kioo kilichoungua: iliachwa juani, lenzi ikakusanya mwanga. Hiyo haisafishiki, iache. Betri mpya hukaa saa 2 na kidogo. Iwashe nusu saa uone asilimia ngapi zimeondoka. Kabla ya kulipa, muuzaji aitoe kwenye akaunti yake na kuifuta yote mbele yako.

Bei_Halisi
Na beba betri 2 za AA. Rimoti mbili za mkononi kila moja inatumia 1, na wauzaji wengi huleta betri zimekufa.