Je, mbio ndefu hupunguza oksidi ya nitriki mapafuni?

Mkimbiaji_Kasarani aliuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Mimi hukimbia masafa marefu, mara nyingi katika msitu wa Karura na siku nyingine kando ya Barabara ya Thika. Kwa muda sasa kifua hunibana na kunikohoza dakika chache baada ya kumaliza mazoezi magumu. Kliniki moja ilinipima oksidi ya nitriki katika pumzi, kile kipimo cha kupuliza polepole ndani ya mashine, na nikapata sehemu 19 kwa bilioni. Niliporudi kwa kipimo cha pili, nikitoka moja kwa moja kwenye mbio ndefu za asubuhi, nilipata 11. Niliambiwa kwamba namba zote mbili ni za chini na kwa hiyo mapafu yangu ni mazima. Mwenzangu wa mazoezi naye anashikilia kwamba mbio ndefu huimaliza gesi hii mapafuni, na kwamba ni lazima ninywe juisi ya bitiruti ili kuirudisha. Ninaomba mnieleze: kushuka huko kunamaanisha nini, na je, namba ya chini inatosha kuniondolea shaka kuhusu kifua changu?

Fiziolojia_Nbi alijibu:

Ndugu, namba uliyopewa ni ukolezi, yaani kiasi cha gesi kilichomo katika hewa unayopuliza. Haielezi jumla ya gesi ambayo mapafu yako yanatengeneza kwa dakika, na hapo ndipo mwenzako alipopotoka.

Oksidi ya nitriki hutengenezwa na seli zetu wenyewe kutokana na arginini, mojawapo ya asidi za amino. Katika mishipa ya damu hulegeza misuli ya kuta ili mishipa itanuke, na kwa kugundua kazi hiyo Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998. Katika njia za hewa hutoka kwenye utando wa ndani, na utando huo unapopata uvimbe wa aina ya mzio, gesi huzalishwa kwa wingi zaidi. Ndiyo maana kipimo hiki kikaingia katika uchunguzi wa pumu.

Mtu aliyepumzika hupitisha mapafuni takribani lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika, ilhali mkimbiaji aliyezoea, akiwa katika kasi kali, anaweza kupita lita 100. Gesi inayotoka kwenye utando hukutana na hewa nyingi inayopita upesi, kwa hiyo kila lita hubeba kidogo. Chukua hesabu ya mfano tu: ukolezi ukishuka hadi theluthi moja huku hewa ikiongezeka mara kumi, gesi inayotoka kwa dakika imezidi mara tatu. Vipimo vilivyofanywa watu wakiwa mazoezini vimeonyesha mwelekeo huohuo: ukolezi hushuka, na jumla inayotolewa hupanda.

Miongozo ya vyama vya madaktari wa mapafu vya Marekani na Ulaya ya mwaka 2005 inashauri mtu asifanye mazoezi, asile, asinywe wala kuvuta sigara kwa saa 1 kabla ya kupimwa. Kwa hiyo nisingelinganisha 11 yako na 19 yako hata kidogo.

Mkimbiaji_Kasarani aliandika:

Asante sana, mwalimu. Kuna jambo moja bado linanitatiza. Nilipopimwa mara ya pili nilikuwa nimeketi, pumzi imetulia, na mashine ilinilazimisha kupuliza kwa mwendo uleule wa mara ya kwanza. Ikiwa mwendo wa hewa ulikuwa sawa, kwa nini namba ilishuka?

Fiziolojia_Nbi alijibu:

Umeuliza penye kiini. Mashine hizi hudhibiti mwendo kuwa mililita 50 kwa sekunde kwa sababu ukolezi hutegemea mwendo wa hewa, kwa hiyo maelezo yangu ya kwanza yanafaa kwa wakati wa kukimbia na hayatoshi kwa wakati uliopimwa.

Utando wa njia za hewa huwa na akiba ndogo ya gesi hii. Kuhema kwa nguvu kwa muda mrefu huisomba akiba hiyo kuliko inavyojazwa, na baada ya mbio huhitaji muda ili irudi. Damu nayo huchukua sehemu yake, kwani hemoglobini hunasa oksidi ya nitriki kwa kasi kubwa mno, na wakati wa mazoezi damu nyingi zaidi hupita mapafuni. Sababu nyingine inakuhusu wewe hasa: vijia vya hewa vinapobana, namba hushuka, na dawa ya kuvitanua inaweza kuipandisha tena. Iwapo kifua chako kilikuwa kimebana ulipoketi mbele ya mashine, hiyo 11 huenda ilitokana kwa sehemu na tatizo lenyewe, ilhali wewe uliisoma kama habari njema.

Kocha_Ngong aliongeza:

Ninashukuru kwa maelezo hayo, nami ninaomba wakimbiaji wenzangu wayasome kwa makini, kwa sababu nimewaona vijana wakiambiwa kwamba ni uchovu tu huku wakikohoa kila baada ya mazoezi ya kasi. Kifua kubana kutokana na mazoezi kunaweza kumpata mtu ambaye oksidi yake ya nitriki ni ya chini kabisa. Hewa nyingi na kavu hukausha utando wa njia za hewa, chumvi zilizomo hukolea, kisha seli humwaga kemikali zinazokaza misuli inayozunguka vijia. Kwa kawaida hali hiyo hufikia kilele dakika 5 hadi 10 baada ya kusimama. Kipimo chake ni kupuliza kwa nguvu kabla ya mazoezi na mara kadhaa baada yake: hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza ikipungua kwa asilimia 10 au zaidi, kuna jambo la kushughulikiwa. Omba kipimo hicho kwa jina la spirometria ya mazoezi.

Kuhusu bitiruti, nitrati iliyomo hubadilishwa na bakteria wa kinywani kuwa nitriti, na mwili huigeuza kuwa oksidi ya nitriki. Inaweza kumsaidia mkimbiaji kutumia oksijeni vizuri zaidi, ingawa faida hiyo hupungua kadiri mtu anavyokuwa amefuzu mazoezi. Haitibu vijia vilivyobana. Pia hupandisha namba ya kipimo, kama zinavyofanya mchicha na spinachi, kwa hiyo usiinywe kabla ya kwenda kliniki.

Ukiweza, mazoezi ya kasi yafanyie Karura na uache kando ya Barabara ya Thika. Moshi wa magari una nitrojeni dioksidi, gesi tofauti na hii tunayoijadili, nayo huchokoza njia za hewa.

Mkimbiaji_Kasarani aliandika:

Nimewaelewa nyote, na ninawashukuru. Ninatarajia kwenda kambini Iten. Je, nirudie kipimo huko au hapa Nairobi?

Fiziolojia_Nbi alijibu:

Rudia hapa, kabla ya safari, siku usiyokimbia. Iten iko takribani mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, nayo Nairobi ni kama mita 1,700. Shinikizo la hewa hubadilika na mwinuko, na mwili nao hujirekebisha, kwa hiyo namba za sehemu mbili hazilinganishiki moja kwa moja. Kwa mtu mzima, miongozo ya Marekani ya mwaka 2011 huhesabu chini ya 25 kuwa ya chini na zaidi ya 50 kuwa ya juu. Mweleze daktari kama unatumia inhela yenye steroidi, kwa kuwa nayo huishusha namba. Hata ukipata 19 tena, usiondoke kliniki kabla ya kupangiwa ile spirometria ya mazoezi aliyoitaja Kocha, kwa sababu ndiyo itakayojibu swali la kifua chako.