Nairobi hadi New York bila kutua popote: tupeane uzoefu

Mtoa mada: Wakuu, habari za humu. Mzee wangu anakuja kunitembelea New York Desemba hii, na ndege ni ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Kaisoma tiketi: kuondoka saa sita kasoro robo usiku, kufika saa moja kasoro robo asubuhi. Akanipigia simu anacheka. "Kumbe masaa saba tu! Basi la Dar kwenda Mbeya linazidi hapo." Nimemwambia ni 15, hataki kusikia. Mliopita njia hiyo, tupeane uzoefu.

Mzee wa Dirishani: Mzee hajakosea hesabu, ila tiketi huandika saa za kila mji. Desemba Nairobi iko mbele kwa masaa 8 (Wamarekani wakisogeza saa zao kiangazi, inakuwa 7). Saba zake jumlisha nane, ndiyo hiyo 15. Njia yenyewe ni kama kilomita 11,800. Niliipanda mara ya kwanza mwaka 2018, safari hizo zilipoanza Oktoba. Kwenda 15, kurudi kama 14 hivi. Huko juu Atlantiki upepo unatoka magharibi: ukienda mnapambana nao, ukirudi unawasukuma.

Binti Kilindini: Mwambie usiku hauishi! Nami nilisafiri Desemba. Nilikaa macho niswali alfajiri, saa ya mkononi ya Nairobi ikafika saa tatu asubuhi, nikafungua dirisha: giza totoro. Mnalikimbia jua, nalo linawafuata taratibu. Mombasa walikuwa wameshakula cha mchana ndipo nikaona wekundu nyuma ya bawa. Halafu viatu. Nilivivua tu tulipopaa, kuja kuvivaa miguu imevimba haiingii. Nikapita uhamiaji na kandambili, na baridi ile.

Nimechelewa Tena: Bora tiketi ya mzee ni kabla ya saa sita. Yangu, ya safari nyingine, iliandikwa Jumanne, 00:30. Jumanne jioni nikaaga watu, nikala pilau ya kuagwa, nikafika uwanjani saa nne usiku na masanduku mawili. Dada wa kaunta akaitazama tiketi, akanitazama mimi. "Kaka, hii imeondoka usiku wa kuamkia leo." Kinachoniuma, bibi yangu wa Tanga asingekosea. Wazee wa pwani wanaanza siku magharibi, kwao usiku wa Jumanne ni ule wa kuamkia Jumanne. Ningemuuliza tu.

Mzee wa Dirishani: Pole kaka, lakini nimecheka. Pilau ilikuwa nzuri lakini?

Nimechelewa Tena: Nilirudi nikamalizia ukoko.

Mtoa mada: Asanteni wote. Nimempigia mzee nikamsomea kila kitu. Kandambili kakubali, ameshaziweka kwenye mkoba wa mkononi. Masaa bado anasema saba.