Darubini ya kuongoza wageni wa kuangalia ndege: ya duka kubwa la moli au ya mjini chini?

Kijana wa Bigodi
Habari zenu ndugu zangu. Nimeanza kuongoza wageni wanaokuja kuangalia ndege porini, huku upande wa msitu wa Kibale, Uganda, na mpaka leo natumia darubini ya kuazima, mwenye nayo akipata wageni wake mimi nakaa nyumbani, na msimu wa wageni ndio huu unakuja. Nimejikusanya mpaka nimefika shilingi laki nne na nusu. Wiki iliyopita nikapanda basi nikaenda Kampala kuangalia bei na nimerudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyoenda. Kwenye duka kubwa ndani ya moli (lile jengo la maduka mengi) kuna 8x42 ya jina linalojulikana, iko kwenye kabati la kioo, 780,000, bei ni hiyohiyo hakuna kupunguza na muuzaji hakukubali niitoe nje ya mlango. Nikashuka mjini chini karibu na stendi ya matatu, pale nikakuta moja kubwa nzito imeandikwa 60x90, 150,000, jamaa anasema hii ni ya jeshi unaona mpaka Entebbe. Hapohapo ana 8x42 ya jina nisilolijua, 320,000. Nimezijaribu zote tatu kusoma kibao cha ng'ambo ya barabara na kweli sikuona tofauti ya maana. Sasa nauliza, ile 460,000 inayozidi ni ya lenzi au ni kodi ya chumba cha moli? Naomba mnisaidie kabla ya Jumamosi maana nitapanda basi tena.

Mzee wa Semuliki
Mdogo wangu kwanza hongera kwa kuweka hela. Ile ya 60x90 iache hukohuko, hiyo namba ni ya kupaka rangi tu. Namba ya kwanza ni mara ngapi inavuta, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, sasa chukua rula ya mtoto wa shule uipime ile lenzi uone kama inafika hata 50. Na hata kama ingevuta mara 60 kweli, hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuishika ikatulia, ungekuwa unaona majani yanacheza tu.

Kilichokudanganya ni kwamba umejaribu saa za mchana kwenye barabara yenye jua. Mchana kila kioo ni kizuri. Wewe kazi yako ni Kibale, mgeni anakuja kutafuta pitta mwenye kifua cha kijani, na huyo ndege mnamfuata alfajiri msituni giza halijaisha, anarukaruka chini kwenye majani makavu. Hapo ndipo bei inapojionyesha. Gawa 42 kwa 8 unapata 5 na kidogo, hizo ni milimita za upana wa mwanga unaoingia kwenye jicho lako. Darubini ndogo ya mfukoni ya 12x25 ukigawa unapata 2 tu, na jicho gizani linafunguka zaidi ya hapo sana, kwa hiyo unaona kivuli mgeni anaona ndege. Niliongoza miaka miwili na darubini ya namna hiyo, mgeni mama mmoja mtu mzima akavua yake shingoni akanipa niangalie, nilinyamaza kimya. Ndege niliyekuwa namwita wa kahawia alikuwa na mstari wa buluu ubavuni, miaka yote miwili sikuwahi kuuona.

Fundi Lenzi, Jinja
Mzee amesema kweli ila kwenye swali la moli au mjini chini nitaongeza kwa sababu mimi nazifungua hizi vitu kila wiki. Bei ya moli ina kodi ya chumba, ina VAT ya 18 kwa mia, ina mshahara wa walinzi, hiyo huwezi kuikataa. Lakini pia nimefungua darubini mbili za sura moja kabisa, ya moli na ya mjini chini, ndani zikawa ni kitu kimoja, kiwanda kimoja, tofauti ni boksi tu. Na nimefungua nyingine ya moli nikakuta kazi safi sana. Kwa hiyo usiulize duka, uliza kioo chenyewe. Fanya hivi ukiwa pale.

Ishike mbali na uso urefu wa mkono, ielekeze kwenye mwanga wa angani (siyo jua!), utaona kwenye kioo cha jicho kiduara cheupe. Kikiwa duara safi mpaka pembeni, prizimu zake (vile vioo vya ndani) ni za kioo kizuri, wanaandika BaK-4. Kikiwa na pembe za kijivu kama almasi imekatwa, ni kioo cha bei ya chini, na kama wameandika BaK-4 juu yake basi wamekudanganya na mengine yote usiyaamini. Halafu angalia lenzi ya mbele taa ya dukani inavyojirudisha. Rangi hafifu ya kijani au zambarau ni dawa nzuri ya lenzi. Ikiwa nyekundu inang'aa kama taa ya nyuma ya gari hiyo imepakwa ya kuvutia macho, inakula rangi, na wewe kazi yako ni rangi. Ya mwisho, angalia ukingo wa paa la mabati la mbali, kisha isogeze taratibu mbali na macho sentimita chache. Paa likigawanyika moja juu lingine chini, bomba mbili haziangalii pamoja. Hiyo usinunue hata kwa elfu hamsini, saa moja tu kichwa kinauma mpaka kisogoni. Zinazokuja kwangu nyingi zina ugonjwa huo na kwa zile za bei rahisi hakuna hata skrubu ya kurekebisha, imegundishwa kwa gundi.

Nalongo wa Mabamba
Mimi nitamtetea muuzaji wa moli kidogo. Mwaka juzi nilinunua mjini chini, ya bei ya kati kama hiyo yako ya 320,000, na nilipima vizuri kila kitu. Wiki ya tatu tuko kwenye mtumbwi kwenye kinamasi cha Mabamba mvua ikatunyeshea, tumemfikia yule ndege wa mdomo kama kiatu amesimama mita arobaini hivi, nainua darubini ndani kumejaa ukungu, unapangusa nje na ukungu uko ndani! Wageni wanapiga picha mimi naelekeza kwa kidole. Nilirudi kwa aliyeniuzia, risiti sina, akasema hanijui. Iliyoandikwa haiingii maji na imejazwa naitrojeni, gesi ya kuzuia ukungu ndani, ni lazima kwa nchi yetu ya mvua, na hilo huwezi kulipima dukani, ndiyo maana risiti na waranti vina bei yake. Na kaka tafadhali chukua 8 siyo 10, kwenye mtumbwi 10 inatetemeka. Rangi ya kombati pia usiichukue, barabarani utaulizwa maswali.

Boda wa Fort Portal
Njia ya tatu mmeisahau, wageni wenyewe. Wengi wakimaliza safari wanauza ya zamani. Mimi nilinunua Vortex Diamondback 8x42 ya mtumba kwa 400,000, na hao Vortex waranti yao inafuata darubini siyo mtu, hawadai risiti, ingawa kuituma Marekani ni gharama yako. Kuagiza mwenyewe mpya kwa posta piga hesabu ya ushuru kwanza, mimi ilinishinda.

Fundi Lenzi, Jinja
Mtumba mzuri naunga mkono. Tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande mwingine, ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui hiyo ni kuvu, iache. Na ukishaipata iweke na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye boksi za viatu, siyo mchele, mchele una vumbi.

Kijana wa Bigodi
Nimerudi jana usiku. Ya 60x90 niliipima kwa rula, mbele ni milimita 48. Ile ya 320,000 kiduara kilikuwa na pembe za kijivu na juu yake wameandika BaK-4. Ya moli safari hii nilimpata msimamizi, nikamwambia kazi yangu, akanitoa mpaka mlangoni saa kumi na mbili na nusu jioni giza linaingia, nikaangalia chini ya magari yaliyopaki nikasoma namba za gari ambazo kwa macho sizioni. Ni nzuri kweli. Hela haitoshi. Mzee wa Semuliki ameniita inbox kuna mgeni wake anaondoka tarehe 20 ana 8x42 anataka laki nne, nimeshatuma elfu hamsini ya kushika kwa momo (pesa za simu). Tochi ya simu ninayo.