Rasimu ya sheria ndogo za mnada: maoni yanaandikwaje ili yasomwe?

MamaUji_Mnadani

Mbukwenyi wakuu. Nauza uji wa uwele na maandazi mnadani, huku mkoa wa Dodoma, mwaka wa 11 sasa. Nina sufuria mbili, jiko la kuni, benchi moja na turubai ambalo ikifika Julai upepo unataka kuondoka nalo.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya mtendaji wa kata kufuatilia barua ya utambulisho ya mwanangu. Nyuma ya mlango nikaona karatasi, nusu imefunikwa na tangazo la chanjo ya mifugo. Kuisoma, halmashauri inakusudia kutunga sheria ndogo za minada na magulio, na mwenye maoni au pingamizi apeleke kwa maandishi kwa Mkurugenzi Mtendaji kabla ya tarehe 28. Zimebaki siku tisa! Mnadani hakupita hata mtu mmoja na kipaza sauti.

Kijana wa pale ofisini aliniruhusu kuipiga rasimu picha kwa simu, kurasa 14, Mungu ambariki. Nimeisoma usiku mbili mfululizo. Kifungu cha 9 kinasema "mtu yeyote anayeuza chakula" awe na banda la bati na sakafu ya saruji, na alipe 2,000 kila mnada. Sasa hivi tunalipa 500. Atakayekiuka, faini 50,000. Maana yake mimi mwenye benchi moja na yule wa nyama choma mwenye meza ishirini ni kitu kimoja. Halafu mnada ule si wa kila siku, ni mara mbili kwa mwezi, na eneo si letu. Nikimwaga saruji leo, kesho wakihamisha mnada saruji naibeba vipi?

Kwenye jedwali la rasimu kuna na ushuru wa 1,000 kwa kila gunia la mazao linalotoka. Kaka yangu analima karanga, hutoka na gunia mbili tatu kwenda kuuza Majengo, mjini.

Sipingi usafi. Watoto wa watu wanakunywa uji wangu. Lakini rasimu nzima nimetafuta neno "choo" sijaliona, na mnada wetu hauna choo.

Swali langu: maoni yanaandikwaje? Lazima wakili? Tukiandika wamama kumi barua moja ina uzito kuliko barua kumi?

Mstaafu_wa_Kata

Mbukwa mama. Nimekuwa mtendaji wa kata kwa miaka mingi na nimebandika matangazo kama hayo kwa mikono yangu. Nakiri kwamba mengi hayakusomwa na mtu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Wakili hahitajiki. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura 287, ndiyo inayoilazimisha halmashauri itoe tangazo la kusudio na kupokea pingamizi la wakazi kabla ya kutunga. Hiyo ni haki yako, usiende kama mtu anayeomba msaada.

Nikueleze barua zilikuwa zinaishia wapi. Barua inayosema "sisi wananchi wanyonge tunapinga sheria hii kandamizi" ilikuwa inaingia kwenye faili na kulala humo, kwa sababu mwanasheria wa halmashauri hana la kufanya nayo. Harekebishi kilio, anarekebisha maneno. Kwa hiyo mpe maneno. Andika kifungu cha 9 kama kilivyo, chini yake eleza kitakachotokea, halafu andika jinsi unavyotaka kisomeke. Kwa mfano: "mwenye banda la kudumu" alipe kiasi fulani, na "muuza chakula asiye na banda la kudumu" abaki na 500, awe na ndoo yenye koki, sabuni na kifuniko cha chakula. Ukiwapa sentensi iliyokamilika, umewarahisishia kazi.

Na weka hesabu. Unauza vikombe vingapi siku ya mnada, kuni kiasi gani, maji madumu mangapi, unabaki na nini. Wachumi wa halmashauri wanakadiria mapato wakiwa mezani. Daftari la muuza uji hawajawahi kuliona.

Barua moja au kumi? Mimi ningefanya moja yenye majina na saini zote, ila kila mama aambatanishe hesabu zake. Barua kumi zinazofanana neno kwa neno zinaonekana zimeandikwa na mtu mmoja.

Peleka nakala mbili masjala, yaani ofisi ya halmashauri inayopokea barua. Moja wabaki nayo, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usitoke bila muhuri huo. Nakala nyingine mpe diwani wako mkononi, na diwani wa viti maalumu pia, maana kabla rasimu haijafika Baraza la Madiwani hupita kwenye kamati, na kwenye kamati ndiko maneno hubadilika. Ikishafika baraza kamili, madiwani wengi wanakuwa wameshaamua.

Mbuzi_na_Kengele

Dada, mimi nakwambia nililoliona. Wilaya nyingine hapa hapa kanda ya kati tulipeleka maoni kuhusu ushuru wa mbuzi. Hatukujibiwa hata mstari mmoja. Sheria ikatoka vilevile.

Kosa letu tulipeleka siku ya mwisho saa tisa alasiri, na diwani hatukumwambia kitu. Siku ya baraza tulikwenda kukaa nyuma kusikiliza, maana vikao vile viko wazi kwa wananchi, na diwani wetu alikaa kimya kwa sababu hakujua kama tuna shida. Sikusudii kukuvunja moyo. Wahi tu.

Karani_Msomaji

Naongezea juu ya gunia za kaka yako. Bajeti ya 2017/18 iliyosomwa Bungeni Juni 2017 ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na ikatamka kwamba mkulima anayesafirisha mazao yasiyozidi tani 1 kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi. Gunia tatu za karanga hazifiki tani. Andikeni swali hilo waziwazi: hili jedwali linakwendaje na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290? Sheria ndogo haiwezi kuipinga sheria mama.

Hata baraza likipitisha, bado inakwenda kwa Waziri kuidhinishwa, kisha inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Mtu akija na kitabu cha risiti kabla ya hapo, mwombe namba ya tangazo la Gazeti. Na baada ya kuchapishwa ipo Kamati ya Bunge ya Sheria Ndogo, ambayo kazi yake ni kutafuta dosari kama hiyo ya jedwali. Lakini huko ni mbali na mtu anakuwa ameshalipishwa. Pambaneni ikiwa bado rasimu.

MamaUji_Mnadani

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nawapa mrejesho.

Jana jioni tulikaa kwangu wamama 13. Wawili hawajui kuandika, binti yangu akawaandikia hesabu zao wakiwa wanazitaja. Hapo ndipo nilipojua kwamba mwenzangu wa chapati, kwa 2,000, mnada wa masika angebaki na 1,300 mkononi. Siku nzima juani! Alipoisikia ikisomwa alinyamaza muda mrefu.

Kifungu cha 9 tumekiandika upya kwa maneno yetu kama mzee alivyosema. Ya karanga tumeweka kama swali. Tumeongeza kifungu kipya: halmashauri ijenge choo na kuleta maji kabla ya kupandisha ada ya eneo hilo. Tulibishana sana kama "kabla" lisiwe "ndani ya mwaka mmoja". Tumebaki na "kabla".

Leo saa nne asubuhi imegongwa muhuri, zikiwa zimebaki siku nne. Diwani nimempa nakala yake akasoma akiwa amesimama, akauliza hizo hesabu ni za kweli, nikamfungulia daftari. Amesema kamati inakaa wiki ijayo.